Baba Hakuijua Njia ya Temeke

Siku ile sikuwa na homa, pombe sijaionja tangu nizaliwe, na jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama, watu bado wanatambuana sura barabarani. Nayasema haya mapema kwa sababu najua utakachosema. Utasema huyu mzee aliota, au alichanganyikiwa kwa msiba. Wanangu nao husema hivyohivyo, ingawa wao husema kwa adabu. Sawa. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana jambo hili nililifungia moyoni miaka mingi sana, na marehemu mke wangu, aliyekaa nami umri mzima, alilijua nusu tu.

Ilikuwa zama za Mwingereza. Tulikaa Kariakoo, vyumba viwili katika nyumba ya mama mmoja wa makamo aliyeitwa Bi Tatu. Chumba kimoja changu na mke wangu Mwajuma, kingine cha baba na mama. Baba alikuwa fundi wa kofia za viua. Unazijua zile kofia zinazotobolewa vitundu vidogovidogo kwa sindano, kila kitundu kikazungushiwa uzi? Aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na kazi hiyo ndiyo iliyomla macho. Miaka sita ya mwisho hakuona kitu ila mwanga wa mlango.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kukaa ndani. Baba alikwenda msikitini sala zote tano, na mara nyingi alikwenda peke yake. Mkono wa kulia aliupitisha kwenye mabaraza ya nyumba za watu. La kwanza la muuza mkaa, la pili la mwalimu, la tatu lina ufa, la nne lina nguzo ya mkoko, mpaka anafika kwetu. Watu walimzoea, wakawa wanasogeza miguu ili apite. Akienda mahali asipopajua, hapo ndipo aliponyoosha mkono na kusema, "Nishike mkono, mwanangu," nami nikamshika. Nilimshika hivyo mara ngapi? Sijui. Mwingine hukumbuka sura ya babaake, mie nakumbuka kiganja chake, kikavu, na ncha za vidole zimesuguka kwa sindano.

Basi baba akafariki. Kifua kilimbana siku nne, ya tano alfajiri akaaga dunia. Nilimwosha mwenyewe pamoja na wazee wawili wa msikitini. Pamba za masikioni nilizitia mie kwa mkono wangu, na karafuu maiti nikampaka mie. Tafadhali likumbuke hilo la pamba, maana nitalirudia.

Mama akaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ileile alimofiwa na mumewe. Hatoki ovyo, hajipambi, hahami. Mama alikuwa mtu wa kushika mambo. Kila Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa, alifukiza ubani kwenye chetezo, akaweka bakuli la maji karibu na mlango, akasoma alichojaliwa kusoma. Wazee wetu waliamini kwamba jioni hiyo roho za watu wetu huruhusiwa kuja kusimama mlangoni, kusikiliza kama bado zinakumbukwa. Wengine wanalikataa jambo hilo siku hizi. Mie nilikuwa wa kwanza kulikataa, maana nilikuwa kijana niliyesoma, karani wa bohari, navaa kaptura iliyopigwa pasi.

Na hapo ndipo nilipokosea, wala simsingizii mtu. Hitima ya arobaini ilikuwa imepita kama siku kumi hivi, nikaambiwa kazini kuwa nimepata nyumba Temeke. Nyumba mpya ya matofali, vyumba viwili na ua wake, bomba la maji hatua chache tu. Mwanzo wa mwezi niwe nimeingia, la sivyo anapewa mwenzangu. Wewe ungefanya nini? Ningeweza kwenda na Mwajuma, mama akabaki amalize eda yake. Bi Tatu mwenyewe alinifuata akaniambia, "Mwache mama'ko hapa, mwanangu. Mie nitalala naye, wewe utakuwa unakuja kumwona. Hicho chumba simpangishi mtu mpaka atoke eda." Mtu angekupa hisani gani zaidi ya hiyo?

Lakini niliona haya. Niliwaza watu watasema, tazama huyu, kapata nyumba ya matofali akamtupa mama yake kwenye udongo. Nilitaka Temeke wanione nikiingia na mama yangu. Basi nikaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani nikamwambia kwamba mwenye nyumba anataka vyumba vyake. Mwalimu akasema ikiwa ni dharura hakuna ubaya, mhamisheni kwa sitara. Dharura yenyewe niliitengeneza mie kwa ulimi wangu, na Bi Tatu maskini ya Mungu hakujua kuwa nimempaka tope.

Nilipomweleza mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika shuka lake jeupe. Hakubisha. Aliniuliza neno moja tu.

"Na baba yako je?"

"Baba ameshafariki, mama."

"Najua ameshafariki, nimemlilia mie. Nakuuliza, atatupataje?"

Nilicheka. Wallahi nilicheka, si kwa dharau, nilicheka kama mtu anavyocheka akisikia maneno ya mtoto. Nikamwambia waliokufa hawana haja ya kuonyeshwa njia. Mama akasema, "Basi kabla hatujaondoka nenda kaburini ukamuage. Mwambie tunakwenda wapi, umtajie njia." Hiyo ilikuwa desturi ya kwao mama, ukihama unawaaga na waliolala. Nikaitikia nitakwenda. Sikwenda. Siku ile ya kuhama lori lilikuja mapema, na mie nilikuwa nahangaika na vitanda na makabati. Mama alipouliza nikasema nimeshamuaga. Nikamdanganya mjane ndani ya eda yake.

Temeke wakati huo haikuwa kama uionavyo. Ukitoka kwenye zile nyumba mpya ni mashamba na mikorosho. Mwajuma alifurahi mno, alifagia ua mara mbili kwa siku. Mama alikaa chumbani kwake, na Alhamisi ya kwanza akafukiza ubani, akaweka bakuli lake la maji mlangoni. Asubuhi akasema, "Hakuja." Alhamisi ya pili vilevile. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema muuza samaki leo hakupita.

Alhamisi ya tatu mama akanituma Kariakoo. Tulisahau mbuzi ya kukunia nazi, na ile ilikuwa mbuzi yake ya tangu uarusi. Nilitoka kazini nikaenda kwa miguu, nikafika mtaani kwetu adhana ya magharibi inamalizika. Wanaume wamekwenda msikitini, wanawake wako ndani. Njia ilikuwa tupu kidogo, lakini mwanga ulikuwepo, nasema tena, mwanga ulikuwepo.

Barazani kwa Bi Tatu kulikuwa na mtu amekaa. Amevaa kanzu na kofia, amekaa ameuelekea mlango wa kile chumba cha mama, mgongo ameipa njia. Nikadhani ni mpangaji mpya. Nilipokaribia nikasikia harufu ya karafuu maiti. Ule mgongo niliujua. Nilikuwa nimeuosha.

Unajua nilifanya nini? Nilimwamkia. Mdomo wenyewe ulisema, "Shikamoo, baba."

Hakugeuka mara moja. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu asiyesikia vizuri. "Nani?"

"Mimi."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Masikio yangu yameziba."

Ndipo nikaziona zile pamba. Zimo masikioni, vilevile nilivyozitia. Nikapaza sauti, nikasema, "Ni mimi, baba."

"Marahaba," akasema. "Afadhali umekuja. Mama'ko kaenda wapi? Nimegonga, nimegonga. Hii ya tatu nagonga, haniitikii. Nimemuudhi?"

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu, na yale macho yake ya ukungu yalikuwa yanatazama pembeni ya kichwa changu kama yalivyokuwa yakitazama siku zote. Ikanibidi nimjibu kwa kupiga kelele, mtaani, nikimpigia kelele maiti wangu.

"Tumehama, baba! Tumehamia Temeke!"

"Temeke?" Akalifikiri lile jina. "Hata hukuniambia. Mie huko sikujui. Mabaraza yake siyajui."

Kisha akainuka taratibu, akajipangusa kanzu kwa nyuma kama ilivyokuwa desturi yake, akaunyoosha mkono wa kulia mbele yangu.

"Nishike mkono, mwanangu. Nipeleke kwa mama'ko."

Wewe unayenisikiliza, jiulize ungefanya nini. Usijibu haraka. Nimeulizwa swali hilo na nafsi yangu kila siku tangu jioni ile. Baba hakuwa na kucha ndefu, hakuwa na kwato, hakuwa na jambo lolote la kutisha mtu mzima. Alikuwa baba yangu kipofu anayeomba kushikwa mkono. Nami niliutazama ule mkono, vidole vyake vilivyosuguka, na sikuweza. Niliogopa usije ukawa wa baridi. Hilo tu ndilo nililoliogopa, baridi yake.

Nikasema kwa nguvu, "Ningoje hapa, baba. Nakuja sasa hivi."

Akauteremsha mkono. "Haya," akasema, "nitakungoja." Akakaa tena pale pale barazani.

Nilitembea mpaka kwenye kona, kisha nikakimbia. Nilikimbia mpaka Keko bila kutazama nyuma. Nilipofika nyumbani Mwajuma aliona shati lilivyonilowa akataka kupiga ukelele, nikamziba mdomo. Nilimweleza kuwa nimeona kitu barazani kwa Bi Tatu. Sikumwambia ni nani, wala kile nilichomjibu.

Mama aliuliza kutoka chumbani, "Mbuzi yangu iko wapi?"

"Bi Tatu sikumkuta, mama."

Ubani ulikuwa unafuka. Bakuli la maji liko mlangoni. Nikaliruka, nikaingia ndani.

Ningeweza kurudi wiki iliyofuata. Najua. Hata ile ya pili yake. Lakini kila Alhamisi ilipofika nilipata udhuru, leo kuna meli, leo tumbo linaniuma. Nikajidanganya kwamba niliyemwona si baba bali ni jini aliyechukua sura yake. Majini wapo, sikatai. Ila nikuulize, jini gani atakayeuliza kama amemuudhi mama yangu?

Eda ikaisha. Mama akaoga, akatoka uani, majirani wakaja kumpa pole. Lakini aliyetoka si yule aliyeingia. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, hawezi kutembea hata kufika bombani. Wala hakuliacha bakuli lake. Ikawa asubuhi ya Ijumaa hasemi tena "Hakuja." Anayamwaga yale maji kwenye shina la mpapai, basi.

Siku moja alinishika nguo. "Nipeleke Kariakoo, japo Alhamisi moja. Nikae pale mlangoni tu."

Nikamwambia vyumba vina watu, si vizuri kwenda kukaa mlangoni pa watu. Niliogopa akifika, Bi Tatu atamwambia kuwa hakutufukuza, au yeye mwenyewe atamkuta. Mama hakuomba tena. Alisema tu, "Basi ameudhika nami. Kaona nimetoka kwake eda haijaisha. Anayo haki." Na mie nimekaa mbele yake, nayajua yote, namtazama mwanamke anabeba kosa langu kichwani mwake, na mdomo haufunguki.

Masika hayajaisha mama akalala kabisa. Jioni yake ya mwisho alitutoa wote chumbani akaniacha mie. Pumzi ilikuwa inakuja kwa shida. Akaniuliza, "Baba yako hukumwona hata siku moja?"

Nilikuwa nimeshika mkono wake. Wa kwake niliweza kuushika.

"Sikumwona, mama."

"Hata sauti yake hukuisikia?"

"Sikuisikia."

Akafunga macho. Alifariki kabla ya isha, na kesho yake tukamzika Temeke, maana watu waliona makaburi ya mjini ni mbali na mvua ilikuwa nyingi. Nami sikubisha. Kwa hiyo yeye yuko huku, na baba yuko kule.

Baada ya matanga nilikwenda Kariakoo kumpa Bi Tatu habari. Alilia sana. Kisha akaniuliza kwa kunong'ona kama nilijua habari za baba. Akanieleza kwamba tangu tulipohama, kila Alhamisi magharibi, pale barazani kulikuwa na mtu anakohoa kikohozi cha baba. Waliokipanga kile chumba walikihama, wakaja wengine, nao wakahama. "Jioni moja nilisimama nyuma ya mlango nikasoma ninachokijua," akasema, "nikamsikia anauliza, 'Bado hajaja?' Mie nikadhani ananiuliza mie. Nikamjibu bado. Tangu mvua zianze sijamsikia tena. Wewe alikuwa anakungoja wewe?"

Nilikaa pale barazani mpaka isha ikasaliwa. Ilikuwa Alhamisi, nilichagua makusudi. Nikasema kwa nguvu, "Baba, nimekuja." Waliopita walinitazama. Nikaunyoosha mkono, nikaacha kiganja wazi, nikangoja. Niliomba, wallahi niliomba, uje ule ubaridi niliouogopa. Hakuna kilichonigusa. Nikainuka nikarudi Temeke kwa miguu, mkono wa kulia nimeuacha nyuma, wazi, na nilikwenda polepole kama anavyokwenda mtu anayemwongoza kipofu. Kwenye shimo nilisema, "Hapa pana shimo, baba." Walevi wa Keko walinicheka. Nilifika mpaka kaburini kwa mama, nikasimama hapo muda mrefu, na mkono ulikuwa mtupu kama nilivyotoka nao.

Nilifanya hivyo Alhamisi nyingi. Mwajuma alidhani nina mke mwingine Kariakoo, nikamwacha adhani hivyo, ilikuwa rahisi zaidi. Niliacha siku nyumba ya Bi Tatu ilipovunjwa likajengwa duka. Baraza halikuwepo tena, na sikujua nisimame wapi.

Sasa wanangu wamejenga Boko, nyumba kubwa, wananiambia baba hama, Temeke kelele nyingi. Wanashangaa kwa nini mzee mwenye akili zake hataki. Wewe umeshajua kwa nini. Nikihama na mie, nani mwingine atakuwa Temeke?

Basi chukua haya kwangu. Ukihama, hata kama unatoka mtaa huu kwenda mtaa wa pili, nenda kwa watu wako waliolala uwaage. Uwatajie njia kwa kinywa chako, na kama ni wa kusikia kwa shida, paza sauti, usione haya. Mjane usimhamishe kwa fahari yako. Na akitokea mtu wako akakunyooshea mkono, mshike. Utakuwa wa baridi, ushike hivyo hivyo. Mie sijui baba yangu yuko wapi jioni za Alhamisi. Ninachokijua ni kwamba nilimwambia angoje, na katika maisha yake yote haikutokea hata mara moja nikamwambia baba ningoje, halafu nikarudi nikamkosa.